Ukija Hispania, chai iache nyumbani

Mpwa wangu ametua Valencia mwezi uliopita kusoma shahada ya uzamili. Swali lake la kwanza, kabla hata hajauliza msikiti uko wapi au unga wa ugali unauzwa duka gani, lilikuwa hili: "Mjomba, kwa yule karani wa vibali naweka ngapi ndani ya pasipoti?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe. Yeye angalau ameuliza. Mimi niliweka.

Ilikuwa Februari 2012. Nimetoka Muheza, kule Tanga kwenye machungwa, na koti la kuazima, Kihispania changu kinaishia kwenye kuhesabu hadi kumi. Wenyeji wangu wakaniambia nianze na padrón, yaani daftari la wakazi la halmashauri, maana bila hiyo huku wewe ni kivuli tu: daktari huna, shule huna, kibali ndiyo usahau. Nikapanga foleni, nikafika dirishani kwa mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Nikasogeza pasipoti. Katikati ya kurasa nilikuwa nimelaza noti ya yuro 20, nimeikunja kwa adabu zote za kwetu. Mama akafungua, akaitoa ile noti kwa vidole viwili kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu, akaniangalia. "¿Y esto?" Na hii je?

Jasho likanitoka na baridi ile. Kichwani nikapata neno moja tu, tasa, yaani ada. Akairudisha noti mahali pake, akaniambia polepole kama anayesema na mtoto kwamba padrón haina ada, na penye ada hulipwa benki. Halafu akaandika jina langu, akalikosea, akagonga muhuri. Kazi yote haikufika dakika kumi. Tulipotoka nje ndipo mwenyeji wangu aliponieleza kwamba ningeweza kulala ndani. Kumpa mtumishi wa umma hongo, hata akiikataa, ni jinai, na ina jina lake: cohecho.

Kwa hiyo mpwa, na wengine mnaofungasha mabegi, elimu yetu yote ya kuzunguka mbuyu, ya "mkuu, hata maji ya kunywa", haina kazi kwenye madirisha ya huku. Karani hali, muuguzi hali, trafiki hali. Tangu 2012 hakuna mwenye sare aliyeniomba hata senti. Hilo nililielewa siku ile ile. Lililonichukua miaka ni jingine: ufisadi upo, tena wa kushiba, ila haukai pale tulipozoea kuukuta. Kwetu unaanzia getini. Huku unaanzia ghorofa za juu kabisa, kisha unaruka ghorofa zote za katikati na kutua jikoni kwako, kwa fundi bomba. Nitafika kwake.

Kwanza nimalizane na trafiki. Siku moja nilisimamishwa na Guardia Civil kwenye barabara kuu, nikiwa na mwendo wa 138 penye kibao cha 120. Nikafungua mlango nishuke tukaongee kiutu uzima. Kosa kubwa. Alinifokea nirudi garini na mikono aione. Karatasi niliyopewa ilisema faini yuro 100, na ukilipa ndani ya siku 20 unapunguziwa nusu. Niliisoma mara tatu. Ile biashara yetu ya "badala ya elfu thelathini ya serikali, nikuachie kumi" wenzetu wameifanya kifungu cha sheria, na risiti juu! Nililipa hamsini yangu kesho yake, na nilihisi kama nimeshinda.

Sasa hizo ghorofa za juu.

Mwaka ule niliofika, mwezi wa Aprili, mfalme Juan Carlos alivunjika nyonga Botswana akiwa kwenye msafara wa kuwinda tembo. Nchi ilikuwa imebanwa na ukata, zaidi ya nusu ya vijana walio kwenye soko la ajira hawakuwa na kazi. Mimi nilikuwa nachuma machungwa (mtoto wa Muheza amevuka bahari kuja kuchuma machungwa, Mungu ana utani wake) pamoja na Wahispania waliomwagwa na kampuni za ujenzi. Wote wakanigeukia mimi niwaeleze habari za tembo, kana kwamba aliyepigwa ni jirani yangu. Mfalme alitoka hospitali akaomba radhi kwa maneno 11 ya Kihispania: samahani sana, nimekosea, halitatokea tena. Mwaka 2014 akamwachia mwanawe kiti. Agosti 2020, maswali kuhusu fedha zake za nje yakiwa yamemwandama, akahamia Abu Dhabi. Ndugu zetu mlioko huko, mkikutana naye sokoni msalimieni.

Lakini kama una siku moja tu ya kuielewa nchi hii, usiende ikulu. Nenda uwanja wa ndege wa Castellón, kaskazini kidogo ya hapa kwetu Valencia. Ulizinduliwa Machi 2011 na aliyekuwa mkuu wa mkoa, Carlos Fabra, kwa shangwe na hotuba, ukiwa umegharimu yuro milioni 150 hivi. Kilichokosekana ni ndege. Hapakuwa na hata moja. Fabra alieleza kwamba huu ni uwanja wa watu, wananchi waweze kutembea kwenye njia ya kurukia, jambo ambalo ndege zikija haliwezekani. Magazeti yakamnukuu akiwauliza wajukuu zake kama wameupenda uwanja wa babu. Langoni ikasimamishwa sanamu ya mita 24, kichwa kikubwa cha binadamu na ndege inachomoza utosini, na msanii mwenyewe akakiri kwamba aliyemvutia ni Fabra.

Nilikwenda kuiona mwaka 2013 na mwenzangu wa shambani, mtu wa Castellón mwenyewe. Barabara safi, taa zimesimama, nyasi zimekatwa, na sungura wanavuka kwa raha zao. Mwenzangu aliegemea gari, akavuta sigara yake mpaka kichungi, akasema kwa sauti ya mtu anayesifia timu yake: "Angalau hapa hakuna kelele." Ndege ya kwanza ya abiria wa kawaida ilitua Septemba 2015. Fabra wakati huo alikuwa gerezani kwa kukwepa kodi. Na kabla ya hapo alikuwa ameshinda bahati nasibu ya taifa, si mara moja wala mbili. Watu wa Castellón ukiwaambia habari hiyo hawasemi kitu. Wanakunywa kahawa.

Kesi kubwa kuliko zote wanaiita Gürtel. Ni neno la Kijerumani, maana yake mkanda. Wapelelezi walilichagua kwa sababu kinara wa mtandao ule ni Francisco Correa, na correa kwa Kihispania ni mkanda. Sisi mbuzi wetu hula kwa urefu wa kamba yake, wao walikula kwa urefu wa mkanda. Kampuni zake zilikuwa zikipata zabuni kwenye halmashauri na majimbo yaliyoshikwa na PP, chama cha wahafidhina, na shukrani zikirudi kwa waliozitoa. Mei 2018 mahakama ikampa Correa miaka 51, mweka hazina wa zamani wa chama Luis Bárcenas miaka 33, na chama chenyewe kikatozwa faini kwa kunufaika. Wiki moja baadaye Bunge likamwondoa waziri mkuu Mariano Rajoy, wa chama hicho hicho, kwa kura ya kutokuwa na imani. Mchana ule wabunge wanajadili hatima yake, yeye alikuwa mgahawani, akakaa saa baada ya saa, na kwenye kiti chake bungeni naibu wake akaweka mkoba. Sisi tulikuwa tunatazama televisheni ya baa. Mzee mmoja akasema, "Mkoba unafanya kazi vizuri zaidi."

Usidhani waliokuja baada yake ni malaika. PSOE, chama cha kisoshalisti kilichoshika serikali, nacho kilikuwa na kesi yake iliyoitwa ERE kule Andalucía, jimbo la kusini, mamilioni ya fedha zilizotengwa kwa ajili ya wafanyakazi na kampuni zilizokwama, hukumu zikatoka 2019, na mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ikazitengua kwa sehemu. Mama mzazi wa mshtakiwa mmoja aliingia kwenye historia kwa kujisifu kwamba mwanawe ana pesa za kutosha kuchomea ng'ombe mzima. Juni 2025 katibu wa oganaizesheni wa chama, Santos Cerdán, alijiuzulu, na kabla mwezi haujaisha jaji akamweka mahabusu. Yeye anakana. Nami naacha hapo, maana nikiendelea nitaandika mpaka Krismasi na wao watakuwa wameongeza.

Mwizi wa namna hii huitwa chorizo, jina la ile soseji nyekundu ya nguruwe. Mwaka 2011 watu walijaa kwenye viwanja vya miji na mabango yanayosema hakuna mkate wa kutosha chorizo wote hawa. Kwa upande wangu nimesalimika, sili.

Hapa Valencia wana dawa yao nyingine. Kila Machi mitaa hujaa masanamu ya mbao na karatasi, mengine marefu kama jengo, na wanasiasa humo ndani wanachongwa bila huruma: pua ndefu, bahasha mfukoni, suruali imeshuka. Usiku wa tarehe 19 yote yanatiwa moto. Mawili tu yanaokolewa kwa kura za watu, moja kubwa na moja la watoto, kila moja wanaliita ninot indultat, sanamu lililosamehewa. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza jirani kama hao waliochomwa na kwenye uchaguzi huchomwa. Akanitazama kwa upole. "Kijana, hii ni sikukuu."

Haya, fundi bomba.

Bomba la bafuni kwangu lilipasuka Jumapili moja. Fundi alikuja Jumanne, mtu mwema, mcheshi, ana mikono ya kazi. Redio ya jikoni ilikuwa inasoma habari za kesi mojawapo, sikumbuki ipi, zinafanana. Huku kichwa kimezama chini ya sinki akawatukana wanasiasa wote kwa mpangilio, kulia kwenda kushoto, chorizo mmoja baada ya mwingine, wanatumaliza, kodi zetu zinakwenda wapi. Akatoka, akafuta mikono, akaniuliza: "Con IVA o sin IVA?" Nikulipishe pamoja na kodi au bila? Pamoja na kodi ni yuro 145 na senti 20, bila kodi 120, taslimu, wala karatasi hatuna haja nayo. Mimi nimekulia kwenye tangazo la TRA, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na 120.

Simhukumu, maana siku ile tulikuwa wawili. Ila mpwa, jua bei ya punguzo lile. Miezi miwili baadaye bomba lilianza kuvuja upya, dari ya jirani wa chini ikapata ramani ya Afrika, na bima ikaniomba ankara ya matengenezo. Ankara gani? Fundi kwenye simu hakunikumbuka. Nililipa dari ya watu yuro 400. Siku hizi nikiulizwa najibu "con IVA" kabla hajamaliza sentensi, na naangaliwa kama mgeni ninayejitia mstaarabu.

Jingine linaitwa enchufe, na hili ndilo nchi yenyewe. Maana yake plagi. Sisi tunasema kujuana, vijana wanasema koneksheni, wao wanasema fulani ana plagi, yaani kachomekwa. Kazi za halmashauri, nafasi za mazoezi, hata zamu nzuri hospitalini, watasema kuna plagi. Na wote wanaichukia, mpaka siku waya ukiwa wao.

Mimi nimo. Ghorofa ya tatu kwenye jengo letu kuna bibi anayekaribia miaka themanini. Nilipohamia nilikuwa nambebea mifuko ya soko, si kwa hesabu, ni malezi tu, mtu mzima habebi mzigo wewe ukiwa mikono mitupu. Nilimwita señora na kumsemesha kwa heshima zote, akanigombeza kwamba namzeesha, nimwite kwa jina lake kavu. Kwa mtoto wa Tanga hilo ni gumu kuliko kesi ya vibali. Mpaka leo namwita abuela, bibi, tumekubaliana hapo. Siku moja akanikuta kwenye ngazi nimekaa kama kuku wa mvua, kazi imeisha. Akauliza mawili matatu, akapanda kwake, akapiga simu kwa mtoto wa dada yake, msimamizi kwenye ghala la kufungashia machungwa. Jumatatu nikaanza. Waliopeleka barua za maombi sijui waliambiwa nini. Nimefanya kazi pale miaka saba, na kila nikisikia watu wanalaani enchufe huwa naangalia viatu vyangu.

Ushauri hapo? Beba mifuko ya wazee. Sijui niuseme vipi vingine.

Kazi iliyokuwa imeisha ilikuwa jikoni kwenye baa moja. Soma hapa vizuri, maana ufisadi uliowahi kunila mimi hasa haukutoka kwa mwanasiasa yeyote. Nilikuwa napika saa 50 kwa wiki. Mkataba ulisema saa 20. Tajiri alinishika bega siku ya kwanza, "hizo nyingine nakupa mkononi, kwetu hapa sote familia." Alinipa kweli, hakunidhulumu senti, kwenye bahasha, kila Ijumaa. Baa ilipofungwa nikaenda kudai paro, fao la kukosa kazi, ndipo nikaelewa kwamba mbele ya serikali nusu yangu haikuwahi kuwepo. Fao likahesabiwa kwa yule mtu wa saa 20. Yule mwingine aliyekuwa anakaanga ngisi mpaka saa saba usiku hakuacha hata nyayo. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache omba vida laboral, taarifa ya Seguridad Social, hifadhi ya jamii ya huku, inayoonyesha umeandikishwa na nani, tangu lini na kwa asilimia ngapi ya muda. Ni bure, inakuja mtandaoni. Usingoje baa ifungwe ndiyo uisome.

Kuhusu masaa, utazoea. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa, cha usiku saa nne, na kabla hawajala mchana bado watakusalimia habari za asubuhi, hata iwe saa saba na nusu. Franco ndiye aliyesogeza saa za nchi mwaka 1940 ziende na za Ujerumani, hazikurudishwa tena, na jua tangu hapo linatua linapotaka. Duka ukilikuta limefungwa mchana usigonge. Agosti usitafute fundi, wakili, wala karani, wote wako ufukweni, na ukimpata mmoja aliyebaki jiulize kwa nini amebaki.

Sasa turudi kwenye pasipoti yako. Kadi ya mgeni unatakiwa uiombe ndani ya mwezi mmoja tangu uingie, na bila cita, ahadi ya siku na saa, mlangoni hupiti. Cita ni bure, hutolewa mtandaoni, na mtandao utakuambia hakuna nafasi. Kesho hakuna. Keshokutwa hakuna. Halafu utakutana na mtu, mara nyingi mgeni kama wewe, anayesema yeye anaipata kwa yuro 80. Anaipata kweli, kwa sababu yeye na wenzake ndio walioziokota zote kwa programu za kompyuta alfajiri. Mwaka 2023 polisi walikamata makumi ya watu wa biashara hiyo. Hapa ndipo mbuyu wa huku ulipo: karani hali, lakini foleni ya kumfikia karani inauzwa. Usinunue. Jaribu asubuhi mapema, jaribu usiku, piga picha ya skrini kila mara inapokukatalia ili uwe na ushahidi kwamba ulitafuta, na chama cha wahamiaji au ofisi ya chuo watakusaidia bila hela.

Mpwa wangu alitafuta siku kumi na moja. Juzi saa nane usiku akaniamsha, "Mjomba, nimepata!" Jana tukakaa mezani kupanga faili: fomu, ada iliyolipwa benki, picha, padrón, na kopi ya pasipoti. Ofisi nyingine hutaka kurasa zote, na sitaki arudishwe. Pasipoti yake ni mpya, ina viza moja na muhuri mmoja.

"Zote mjomba? Hata hizi tupu?"

"Hasa hizo tupu."

Alishuka dukani kwa steshenari wa kona akakaa nusu saa. Aliporudi alikuwa na rundo la kopi za kurasa tupu, ukurasa baada ya ukurasa, na senti kadhaa za chenji. Nikamuuliza kama amedai risiti. Akasema mwenye duka amemwambia akitaka risiti bei inabadilika.

Cita ni kesho saa tatu na robo asubuhi. Nimemwambia tutoke saa moja.